Kipimajoto Kikombeni

Mwulize mtu yeyote wa kwetu kama chai ni moto, atakujibu kwa neno lilelile: moto. Akitaka kukuonya ataongeza, "moto sana, angalia." Ikikaa mezani mpaka mvuke ukaisha, ataisogeza pembeni na kusema imepoa, hata kama bado ina joto la kumbabua mtoto. Katikati kuna vuguvugu, na vuguvugu kwa chai ya mgeni ni karibu na tusi, maana yake chupa imejazwa tangu alfajiri na hakuna aliyeona haja ya kukuwashia jiko. Hayo ndiyo maneno tuliyo nayo, na kwa shughuli za nyumbani yanatosha.

Mtafiti anayetaka kujua kama joto la kikombe hicho lina uhusiano na ugonjwa unaoua watu wa kijiji kile hayamtoshi. Yeye anataka namba. Na kuipata namba kutoka kwa mtu anayekunywa chai kwake, bila kumbadilishia unywaji wake, bila kumtia hofu wala kumlisha maneno, ni ufundi kamili, sawa na wa seremala au fundi cherehani. Nimeufuatilia ufundi huu miaka kadhaa sasa, na kila nikiurudia nauheshimu zaidi.

Ugonjwa wenyewe ni saratani ya umio, njia ile inayoshusha chakula kutoka kooni hadi tumboni. Ukiutazama kwenye ramani ya Afrika, unashuka kama mkanda upande wa mashariki: Ethiopia, Uganda, Kenya, Tanzania, Malawi, hadi Afrika Kusini. Magharibi mwa bara ni nadra. Mgonjwa huanza kwa kukwamwa na tonge la ugali, akadhani hakutafuna vizuri. Baada ya muda ugali unakataa kabisa, anahamia kwenye uji. Uji nao unakataa, yanabaki maji. Wengi hufika hospitali wakati huo wa maji, na wakati huo daktari ana machache ya kufanya.

Mkanda huo umewasumbua wataalamu kwa zaidi ya miaka 50. Mwaka 1971 Paula Cook alichapisha makala iliyozitilia shaka pombe za mahindi. Tangu hapo orodha ya washukiwa imerefuka: tumbaku, moshi wa jiko la kuni, meno mabovu, sumukuvu kwenye nafaka, maziwa ya mursik ya Wakalenjin ambayo yalipopimwa yalikutwa na asetaldehaidi, kemikali inayohusishwa na saratani. Na chai, au tuseme sawasawa, joto la chai. Hapo ndipo kazi ngumu ilipoanza, kwa sababu pombe unaweza kuhesabu vibuyu na sigara unaweza kuhesabu pakiti, lakini joto halina kibaba. Linapungua huku unalitazama.

Njia ninayoipenda kuliko zote ya kulikamata joto hilo ilitumika mbali na kwetu, katika jimbo la Golestan, kaskazini mashariki mwa Iran. Saratani ya umio imeenea huko kwa kiwango cha kutisha, na hali ya kuwa wavutaji tumbaku ni wachache na pombe haigusiki sana. Chai, kwa upande wake, inanywewa zaidi ya lita moja kwa mtu kwa siku. Kati ya 2004 na 2008 watafiti waliandikisha watu 50,045 wenye umri wa miaka 40 hadi 75 ili wawafuatilie kwa miaka. Zaidi ya watu 48,000 kati yao walipimwa joto la chai, mmoja mmoja.

Upimaji ulikwenda hivi. Mhojaji anamimina vikombe viwili vya chai iliyotoka jikoni kwa wakati mmoja. Kimoja ni cha mshiriki. Kingine kinatiwa kipimajoto. Wanakaa, wanangoja. Kipimajoto kikishuka kufika nyuzi 75, mhojaji anamwomba mshiriki aonje chai yake na kusema kama hiyo ndiyo anayokunywa siku zote. Akisema bado ni moto mno, wanangoja ishuke hadi 70, anaonja tena. Kisha 65. Kisha 60. Siku zote nyuzi tano tano, mpaka aseme: naam, hii ndiyo yangu.

Tazama kilichofichwa katika vikombe hivyo viwili. Ukitumbukiza chuma kwenye kikombe cha mtu, umekiharibu mara mbili. Chuma kinanyonya joto kidogo, na mwenye kikombe anaanza kunywa kama mtu anayetazamwa. Kikombe cha pili kinamwachia mgeni chai yake ikiwa safi, nacho kinapoa sambamba na cha kwanza kama pacha wake. Tazama pia kwamba mshiriki hatakiwi kutaja namba hata moja, wala haulizwi kama anapenda chai moto au moto sana, maana moto wa mtu huyu ni vuguvugu ya jirani yake. Anatakiwa kutambua tu. Mpishi mzuri wa pilau anajua chumvi imekolea kwa kuonja, lakini mwulize ni gramu ngapi atakushangaa. Aliyebuni upimaji huu alilijua hilo. Akauacha ulimi ufanye kazi ya ulimi, na kipimajoto kazi ya kipimajoto.

Halafu fikiria ule muda. Chai iliyotoka jikoni haishuki nyuzi 15 kwa kupepesa jicho. Kila mshiriki ni dakika kadhaa za kukaa kimya au kuzungumza habari za mvua, huku jicho moja likiwa kwenye kipimajoto. Zidisha kwa watu 48,000. Nikiona kwenye jedwali la watafiti hao kwamba kama asilimia 39 ya watu hunywa chai chini ya nyuzi 60, asilimia 39 nyingine kati ya 60 na 64, na asilimia 22 kuanzia 65 kwenda juu, siwezi kuzisoma asilimia hizo kwa haraka. Ndani ya kila moja kuna maelfu ya watu waliokaa chini na kungoja.

Waliuliza pia swali jepesi zaidi, ambalo halihitaji kifaa chochote: ukishamiminiwa, unangoja muda gani kabla ya kunywa? Katika utafiti mdogo wa wagonjwa na wasio wagonjwa wa eneo hilohilo, uliochapishwa 2009, wale waliokunywa kabla ya dakika mbili kupita walikuwa na uwezekano wa kuwa miongoni mwa wagonjwa mara tano na zaidi ukilinganisha na waliongoja dakika nne au zaidi. Na kwa kuwa walikuwa na majibu ya mdomo na vipimo vya kifaa pamoja, waliweza kuyalinganisha. Yalikubaliana kwa kiasi cha wastani: watu walijua kidogo joto la chai yao, lakini si kwa uhakika wa kutegemewa peke yake. Mtu mvivu angeridhika na maneno matupu. Hawa walikwenda kuyapima maneno yenyewe.

Huku kwetu kazi hiyo ilifika Kilimanjaro. Mwaka 2015 yalichapishwa matokeo ya watu 188 wa mkoa huo, watu wa kawaida wasio wagonjwa, waliopimwa joto la chai yao walipoanza kunywa na muda waliotumia. Wastani wa funda la kwanza ulikuwa nyuzi 70.6. Ilikuwa juu kuliko tafiti zote za awali walizolinganisha nazo.

Waliitenganisha chai ya maziwa na chai ya rangi, na hapo ndipo nilipotabasamu, kwa sababu ni mtu anayejua jiko la Kilimanjaro tu angefikiria kuuliza hivyo. Chai ya maziwa ya huko haiwekewi maziwa juu juu. Maziwa na maji huchemshwa pamoja kwenye sufuria moja, mara nyingi nusu kwa nusu au maziwa yakazidi. Wanywaji wake walianza kunywa ikiwa na joto lililozidi la wenzao wa chai ya rangi kwa nyuzi 1.9, na sababu kubwa ni kwamba chai ya rangi ilipoa kwa kasi maradufu. Aliyewahi kupuliza utando juu ya kikombe cha maziwa anaweza kukisia kwa nini: mvuke ndio unaoondoka na joto, na utando umeuzibia njia. Waliuliza pia kama mtu amewahi kuungua ulimi kwa chai. Kwa wanywaji wa maziwa, asilimia 70 walisema ndiyo. Kwa wa chai ya rangi, asilimia 39. Swali la kuungua ulimi ni kipimajoto cha aina yake, tena kisichohitaji betri, kwa kuwa ni nadra mtu kusahau siku aliyoungua.

Wanaume walianza kunywa chai ikiwa na joto zaidi ya wanawake kwa nyuzi 0.9, na wakamaliza kikombe mapema kwa sekunde 30. Lakini waandishi wenyewe walichapisha na upana wa shaka yao: tofauti hiyo ya joto ingeweza kuwa popote kati ya hasi 0.2 na 2.1, yaani huenda haipo kabisa. Wangeweza kuificha. Waliiweka hapohapo, kwenye muhtasari, mbele ya kila msomaji. Fundi mwashi mwaminifu hukuonyesha mwenyewe mahali timazi ilipopinda kidogo, kabla hujapaka chokaa.

Kuna jambo la mwinuko ambalo huwa nalifikiria. Maji hayachemki kwa joto lilelile kila mahali. Mombasa yanachemka kwenye nyuzi 100. Eldoret, iliyo juu ya mita 2,000, yanachemka kwenye 93 hivi. Chai ya Eldoret, basi, inaanza safari yake ikiwa imeshapungukiwa nyuzi saba kabla haijamiminwa. Hata hivyo bado ina nyuzi nyingi za kushuka kabla ya kufika 65, na asubuhi ya baridi kule juu inamwambia mtu asingoje.

Nyuzi 65 nimeitaja kwa sababu ndiyo mstari uliochorwa na Wakala wa Kimataifa wa Utafiti wa Saratani, ulioko Lyon, Ufaransa. Mwaka 2016 wataalamu 23 kutoka nchi 10 walikutana kupitia ushahidi wa kahawa, maté (chai ya majani ya Amerika Kusini) na vinywaji vya moto sana. Kahawa, iliyokuwa imetiliwa shaka tangu 1991, waliiondoa kwenye shaka hiyo kwa kuwa ushahidi haukuibeba. Vinywaji vinavyonywewa vikiwa zaidi ya nyuzi 65, bila kujali ni vya majani gani, waliviweka kundi la 2A: yaelekea husababisha saratani ya umio kwa binadamu. Nalipenda hilo "yaelekea". Kiswahili kina ngazi nzuri za uhakika, inawezekana, huenda, yaelekea, hakika, na tunazitumia ovyo. Wale walikaa siku nyingi wakibishana wakanyage ngazi ipi, kisha wakasimama palepale ushahidi ulipowafikisha. Kesho yake magazeti mengi duniani yaliandika kuhusu chai na saratani kwa wino mzito, na lile neno dogo likapotea. Huwa naumia nikiona hivyo, kwa kuwa neno hilo ndilo lililogharimu kazi kubwa kuliko mengine yote.

Sababu ya kimwili nayo ina historia yake ya upimaji. Mwaka 1972 De Jong na wenzake walipima joto ndani ya umio wenyewe wakati mtu anakunywa. Kinywaji cha nyuzi 65 kilipandisha joto humo kwa nyuzi 6 hadi 12, kutegemea ukubwa wa funda. Funda kubwa linabeba joto lake hadi ndani, dogo linapoa njiani. Nikisoma hayo nawakumbuka wazee wa pwani na finjani zao za kahawa chungu, wakinywa kwa mafunda ya kuonja tu, na wale wanaomimina chai kwenye kisahani kwanza. Sidai kwamba walijua lolote kuhusu umio. Nasema tu kwamba namna ya kunywa ni sehemu ya kipimo, na mtafiti anayeandika joto akasahau funda ameandika nusu.

Kutoka kupima watu wazima wa afya hadi kuwauliza wagonjwa ni hatua nyingine, na mikono yake ni tofauti. Utafiti uitwao ESCCAPE ulifanyika Eldoret kwenye Hospitali ya Moi ya Mafunzo na Rufaa, Moshi kwenye hospitali ya KCMC, na Blantyre nchini Malawi. Anakaa mgonjwa, na kwa wakati mwingine anakaa mtu wa kulinganishwa naye asiye na saratani hiyo. Wote wawili wanaulizwa maswali yaleyale.

Hebu jiweke kwenye kiti cha mhojaji. Mbele yako yuko mama ambaye kwa wiki kadhaa hajameza ila vitu vya maji, tena vilivyopoa. Ukimwuliza unakunywaje chai, atakujibu ukweli wa leo: ya baridi, kidogo. Ukiandika hivyo, umeandika ugonjwa badala ya kisababishi chake, na namba zako zote zitageuka kichwa chini. Kwa hiyo dodoso linarudi nyuma: kabla hujaanza kuugua, mama, ulikuwa unakunywa chai yako vipi? Maneno manne yale ya mwanzo, kabla hujaanza kuugua mama, yanabeba utafiti mzima. Yanabidi yasemwe polepole, na kurudiwa, na mhojaji ahakikishe kwamba mama kweli amerudi miaka ile na hajabaki kwenye kitanda hiki.

Tena mgonjwa amelala usiku mwingi akijiuliza amekosa nini. Ukimwinulia nyusi kidogo tu unapotaja chai, ataziona, na atakupa chai moto kwa sababu anatafuta cha kulaumu. Mwenzake mzima hana hamu hiyo, atajibu kwa kifupi apate kuondoka. Mhojaji mzuri anawapa wote wawili sauti ileile, subira ileile, hata pumzi ileile kati ya swali na swali. Hakuna jedwali linaloonyesha sauti ya mhojaji, lakini kila namba kwenye jedwali imepita ndani ya sauti hiyo. Wengi wa watu hawa majina yao hayako juu ya makala. Wako kwenye mstari wa shukrani, mwishoni, kwa maandishi madogo.

Upande wa Kenya walihojiwa wagonjwa 430 na watu 440 wa kulinganishwa. Waliosema walikuwa wakinywa vinywaji vya moto sana walikuwa na uwezekano mara 3.7 wa kuwa kwenye kundi la wagonjwa, ukiwalinganisha na waliokunywa vya vuguvugu. Na hapo mtu mwingine anaanza kazi, yule wa takwimu, ambaye kazi yake ni kuwa jirani mwenye wivu: je, hao wa moto sana si ndio hao hao wanaovuta tumbaku? Si ndio wanywao chang'aa? Si ndio wenye jiko lisilo na dirisha? Anapunguza kimoja baada ya kingine, anatazama kilichobaki. Kila alichosahau kuuliza mhojaji miaka mitano nyuma, yeye hawezi kukipunguza leo. Ndiyo maana kurasa za dodoso ni nyingi hivyo, na ndiyo maana swali la kama una meno yote linafuatana na swali la chai.

Mwaka jana nilikwenda kumsalimia shangazi yangu, miteremko ya Kilimanjaro, nikiwa na kipimajoto cha jikoni mfukoni. Sikuwa nafanya utafiti. Nilitaka tu mikono yangu ionje kidogo ya kazi niliyokuwa naisoma. Alichemsha chai yake kama siku zote, maziwa mengi, tangawizi, sufuria nyeusi kwa masizi. Nikamwomba nimimine mimi. Nikamimina vikombe viwili.

"Mbona viwili, mwanangu? Unangoja mtu?"

Nikamweleza. Akacheka, akavuta kigoda. Nikatumbukiza kipimajoto kwenye changu na kumwambia asinisubiri, anywe tu kama anavyokunywa. Nami nikagundua papo hapo jinsi kazi ile ilivyo ngumu, kwa sababu nilishamwangalia, naye akashaniangalia, akakiacha kikombe kwanza kwa heshima yangu. Ilinibidi nimuulize habari za ng'ombe wake ndipo akasahau. Akakiinua katikati ya habari ya ndama, akanywa. Nikachungulia: juu kidogo ya 70.

"Shangazi, haikuunguzi?"

"Nimezoea," akasema. "Zamani nilikuwa nakunywa ikiwa moto kuliko hii. Majani ya ng'ombe yalikuwa mbali, kule chini, na jua likitoka umechelewa. Ningekaa saa ngapi? Nilikuwa nakunywa nimesimama mlangoni, mundu kwapani."

Nilikuwa na nakala ya maswali niliyojiandikia, ya joto, ya dakika, ya ulimi kuungua, ya maziwa na ya rangi. Hilo la mlangoni sikuwa nalo. Nikachukua penseli nikaliongeza pembeni ya karatasi: asubuhi ulikuwa unakunywa chai umekaa au umesimama? Nikamsomea. Akakiweka kikombe chini, akaanza kunihesabia asubuhi zake tangu mwaka alioolewa.